Kupauka Si Kuoza

Kupauka si kuoza.

Mmeusikia leo sokoni, yule mama wa mitumba alipomjibu mteja aliyeibeza nguo yake. Niliwaona mkitazamana na kucheka, mkadhani kautunga pale pale ili auze. Hakuutunga. Usemi huo ulizaliwa hapa hapa Ipinda, katika jiko la wifi yangu, na mimi nilikuwepo, kisu cha kumenyea ndizi mkononi. Kaeni niwaambie ulivyoanza. Mwenye haraka na aende, maana habari hii haisikilizwi na mtu aliyesimama mlangoni.

Miaka hiyo kila nyumba ya Ipinda ilikuwa na mikakao, na hakuna nyumba iliyokuwa na chokoleti. Tulichuma, tukapasua, watoto wakafyonza ule utelezi mweupe mtamu, mbegu tukazichachusha kwenye majani ya migomba na kuzianika kwenye vichanja mpaka zikakauka. Kisha lori likaja, likachukua magunia, likaenda. Yalikokwenda yaligeuka kuwa nini, hilo lilikuwa jambo la watu wengine. Chokoleti tuliijua kama pipi ndogo ya dukani, iliyokwisha kuyeyuka na kugandana na karatasi yake.

Wifi yangu aliitwa Tupokigwe. Alikuwa mke wa kaka yangu Asajile, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekwisha kufariki. Alikuwa fundi wa keki. Harusi, kipaimara, Krismasi, watu walikuja kwake, na oveni yake ya mkaa haikupoa. Lakini alikuwa mwanamke asiyetulia. Akipika wali, atafunua. Akifunika, atafunua tena. Kuku wake akiatamia, yeye atamnyanyua kutazama mayai, mpaka kuku mwenyewe anasusa kiota. Kanisani angesimama katikati ya mahubiri kwenda kufunga dirisha ambalo halikuwa likimsumbua mtu. Kaka yangu alipokuwa hai alikuwa akimwambia, "Mama Lugano, dunia itazunguka hata ukikaa." Naye anacheka, anakaa, halafu anainuka. Kaka alipoondoka, hakukuwa tena na wa kumwambia akae.

Walijaliwa mabinti wawili, Lugano na Bupe.

Lugano ndiye mkubwa. Alikwenda Mbeya angali msichana, akafanya kazi kwenye jiko la watu waokao keki za mahotelini, halafu akaolewa Tunduma. Tulimcheza, tukamsindikiza. Huko Tunduma mambo hayakwenda. Mimba ya kwanza ikaharibika, na ya pili nayo ikaharibika, akaugua muda mrefu. Mume akasema aende akapumzike kidogo kwa ndugu zake, na tangu aliposema hivyo simu yake ikawa inaita tu. Lugano akakaa kwa baba yake mdogo, Mbeya. Siku si nyingi baba mdogo akasema nyumba imekuwa ndogo, akapelekwa kwa mama yake mdogo, Tukuyu. Mnaijua baridi ya Tukuyu. Akaanza kukohoa, na mama mdogo akaona heri afie kwa mama yake kuliko kwake. Ndivyo alivyorudi Ipinda, na begi moja, amekonda, nywele zimekatika, na ngozi imepauka kama mtu aliyelala kwenye majivu.

Mama yake alilia alipomwona, kisha akampikia. Alimpa ndizi za mbalaga, alimpa mchuzi wa samaki mbasa, alimpaka mafuta miguuni kama mtoto. Kikohozi kikaisha. Lakini rangi haikurudi upesi, wala maneno hayakurudi. Lugano alikaa kwenye benchi la sebuleni, mikono mapajani, akitazama nje.

Wakati huo huo ndipo Bupe alipoposwa.

Kijana aliyemposa aliitwa Joram, mtu wa Iringa aliyekulia Dar es Salaam. Wazazi wake walikuwa wamekufa, amelelewa na shangazi yake, Felista, na kwa upande wao neno la mwisho lilikuwa la Felista. Hatukumjua. Tulimjua kwa sauti ya simu tu, sauti nzito isiyorudia jambo. Harusi ilipokaribia akapiga, akasema, "Mama Bupe, bibi harusi anatoka kwenye kakao, basi keki yake iwe ya chokoleti. Nimewatumia chokoleti ya kuokea kwa basi. Ni nzuri sana, huku kwenyewe haipatikani ovyo. Itunzeni isiharibike mpaka tutakapokuja." Akakata.

Alimwita Mama Bupe kwa sababu ndiye binti aliyemjua. Wifi yangu hakumsahihisha.

Chokoleti ikaja. Jamani, lile halikuwa pande, lilikuwa tofali. Jeusi, linang'aa kama kiatu cha mchungaji, limefungwa karatasi ya fedha na juu yake karatasi ngumu. Tulilizunguka mezani. Nakumbuka mzee Ambakisye, jirani yetu, alilinusa akasema, "Kumbe ndiyo hii!" Akasema hivyo tu, akaenda zake shambani, akiwa kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto wake akiwa ameshakuwa mkubwa ugenini.

Sasa basi, Felista alisema itunzwe. Hakusema itunzwe vipi.

Wifi yangu akaiweka kwenye kabati la vyombo, lile la ukuta usiopigwa jua. Lugano, kwenye benchi lake, akasema, "Hapo pazuri, mama. Pakavu, pana giza, hapana harufu. Iache na karatasi zake hivyo hivyo, usiifungue."

"Sawa, mwanangu," mama yake akajibu.

Asubuhi akaifungua, kuangalia kama imelala salama.

Mchana akaja jirani, akasema Kyela hii ina joto, chokoleti itayeyuka ndani ya kabati, aiweke karibu na mtungi wa maji. Ikapelekwa kwenye mtungi. Pale karatasi ikaloa, akaogopa, akaipeleka dukani kwa Anyosisye, aliyekuwa na friji ya soda. Ndani ya friji hiyo Anyosisye alikuwa pia anawawekea watu samaki. Chokoleti ikalala na mbasa. Umeme ukakatika, wifi yangu akatoka mbio na khanga begani, akairudisha nyumbani imetoka jasho kama mtu mwenye homa. Akaipangusa kwa kitambaa, akaipandisha juu ya kabati la nguo, kule chini ya bati. Jua likawaka. Akapanda kiti kuigusa, akakuta imelegea kama sabuni, akaishusha, akairudisha kwa Anyosisye. Ikagandishwa ikawa ngumu kama mawe. Ikarudi tena nyumbani, na kila inapokwenda na kurudi, lazima aifungue, aitazame, aibonyeze kwa kidole, aifunge.

"Mama, iache," Lugano akamwambia siku moja. "Kila ukiifungua hewa inaingia. Kila ukiitoa kwenye baridi inatoka jasho. Irudishe kabatini uisahau."

Wifi yangu akamgeukia kwa ukali ambao sikuwa nimeuona kwake. "Nisahau? Ungejua ni macho mangapi yanaitazama nyumba hii, usingeniambia nisahau!"

Lugano akageuka kutazama nje tena.

Na macho yalikuwepo kweli. Ipinda ni ndogo. Watu walianza kuuliza huyu binti ana nini. Wengine wakajijibu wenyewe, na majibu ya watu mnayajua. Mmoja akamwambia wifi yangu waziwazi kwamba hao wakwe wa Dar wakimkuta mgonjwa ndani ya nyumba, watafikiri ni ugonjwa wa ukoo, na Bupe atarudishwa kama dada yake. Neno hilo likamwingia. Akamtoa Lugano sebuleni, akamwambia akalale chumba cha nyuma, maana wageni watapita sebuleni. Chumba cha nyuma kikajaa magunia ya mchele wa harusi, akamhamishia kwenye banda la jiko. Jikoni wakaanza kuja akina mama kupanga mapishi, akaona hapo nako hapafai. Mwishowe akampigia simu kaka yake wa Kasumulu, wakakubaliana Lugano aende akakae huko, harusi ikiisha atarudi.

Bupe aliposikia alilia. "Mama, nani atanishika mkono kanisani? Dada ndiye wa kunishika."

"Atakushika shangazi yako."

"Mimi namtaka dada."

"Bupe, usinitie wazimu. Nafanya haya yote kwa ajili yako."

Lugano mwenyewe ndiye aliyemnyamazisha mdogo wake. Alisema hakuna shida, Kasumulu si mbali, atamletea zawadi ya ng'ambo ya mpaka. Alisema huku akikunja nguo zake, na alizikunja vizuri kabisa, kona kwa kona, kama mtu aliyezoea kuondoka.

Siku ya kuamkia harusi ikafika. Tulikuwa wengi uani, tukimenya ndizi, wengine wakipepeta mchele. Felista na watu wake walikuwa wameshafika Kyela mjini, wamepiga simu kwamba wakishaoga na kula watakuja kutusalimia. Keki ilikuwa haijaokwa. Wifi yangu alitaka iokwe siku hiyo hiyo ili iwe mpya, na makaa ya oveni yalikuwa tayari. Lugano alisimama karibu na lango, begi miguuni, anasubiri pikipiki.

Wifi akaingia ndani kuichukua chokoleti. Halafu akatoka ameikumbatia ndani ya khanga, hakutazama mtu, akapita nyuma ya jiko kuelekea kwenye shimo la taka kwenye migomba. Nilimfuata. Nilidhani ameumwa tumbo.

"Wifi, kuna nini?"

Akafunua khanga. Lile tofali jeusi lililokuwa linang'aa lilikuwa jeupe. Si lote; lilikuwa na mabaka meupe, mistari ya kijivu, na vumbi vumbi juu kama ukuta uliopigwa chokaa ya zamani.

"Imeota ukungu," akasema. "Imeoza, wifi. Imeoza mikononi mwangu. Yule mama atasema nini? Atasema hawa hawawezi kutunza hata tofali la chokoleti, walimtunzaje binti waliyemzaa?"

Mimi chokoleti niliijua wapi?

Nyuma yetu sauti ikasema, "Mama, unaipeleka wapi?"

Ni Lugano. Alikuwa ameliacha begi langoni.

"Naitupa kabla hawajaiona."

"Nipe niitazame."

"Niache, mwanangu. Pikipiki yako inakuja sasa hivi."

"Mama, nipe."

Hakupaza sauti, lakini tangu arudi kwetu hakuwa ameongea namna hiyo. Mama yake akampa.

Lugano aliigeuza juani. Akaikwangua kwa ukucha, akanusa ukucha. Akanusa na tofali lenyewe, huku na huku, taratibu, kama mama anayemnusa mtoto kichwani. Akafika kwenye kona moja, akakunja uso, akaendelea. Kisha akavunja kipande upande wa pili, akakitia mdomoni.

"Lugano!" mama yake akapiga kelele. "Utakufa!"

Lugano akatafuna. Akameza. "Si ukungu," akasema. "Ukungu una manyoya, na una harufu ya kuchukiza. Hii ni mafuta yake yenyewe, mama. Ulipoiweka chini ya bati yaliyeyuka yakapanda juu, yakagandia hapo. Na hili vumbi vumbi ni sukari yake, ilitolewa na lile jasho la friji. Haina ugonjwa. Imehamishwa mno. Imepashwa moto, imegandishwa, imefunguliwa, imepanguswa, ikahamishwa tena. Ikae wapi ipate rangi?" Akamwonyesha mahali alipovunja. Ndani ilikuwa nyeusi, imara. "Imepauka tu, mama. Kupauka si kuoza."

Wifi yangu akanyoosha mkono kuipokea, lakini hakuipokea. Alibaki anautazama mkono uliokuwa umeishika, ule mkono mkavu wenye vidole vyembamba, ngozi nyeupe nyeupe kwenye viungo.

"Inafaa kwa keki?" mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ikiyeyushwa itarudi rangi yake, hutaijua. Ila kona hii imeshika harufu ya samaki. Hii ndiyo iliyoharibika, na haiponi. Tuikate tuitupe. Iliyobaki inatosha."

Tukarudi jikoni. Lugano akafunga kitambaa kichwani. Akaikata ile kona, akaitupa shimoni yeye mwenyewe, tofali lililobaki akalikatakata vipande vidogo. Akaweka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, bakuli lisiguse maji, akatuambia hata tone moja la maji lisiingie kwenye chokoleti, maana litaifanya igande kama mchanga. Akina mama wakaacha ndizi, wakajaa mlangoni. Vile vipande vyeupe vikakaa, vikakaa, halafu vikaanza kulegea pembeni, na weupe ukazama. Lugano akakoroga taratibu. Ikawa nyeusi, nzito, inang'aa, mtu angeweza kujitazama ndani yake.

"Yesu wangu," mmoja akasema.

Wifi yangu mkono wake ukaenda kwenye bakuli, kama kawaida yake. Lugano akasema bila kumtazama, "Mama, usiguse." Wifi akaurudisha mkono, akauweka nyuma ya mgongo, akaushika kwa mkono wa pili ili usimtoroke. Watu wakacheka. Hata Lugano alicheka, na nikagundua nilikuwa nimesahau meno yake yalivyo.

Hapo ndipo honi ya pikipiki ilipolia langoni.

Kicheko kikakatika. Lugano akaendelea kukoroga mara mbili tatu, kisha akanikabidhi mwiko. "Shangazi, malizia. Usiache iungue. Ukimaliza unachanganya na mayai ikiwa imepoa kidogo." Akafungua kitambaa kichwani, akafuta mikono, akaanza kuelekea langoni liliko begi lake.

Honi ikalia tena.

Wifi yangu akampita. Sikumbuki kumwona akitembea vile, hakukimbia, hakugeuka huku na huku. Akafika langoni, akaliinua begi, akamwambia yule dereva, "Nenda, baba. Hapa hakuna anayesafiri."

"Lakini mama, si uliniambia mgonjwa wa kwenda Kasumulu?"

"Nilikuambia hivyo. Sasa nakuambia hapa hakuna mgonjwa wala safari. Nenda."

Dereva akalalamika kidogo, akaondoka. Wifi akarudi na begi, akalipeleka si chumba cha nyuma wala banda la jiko. Alilipeleka chumbani kwake mwenyewe, akaliweka juu ya kitanda. Alipotoka alimwambia Lugano maneno mawili tu: "Rudi jikoni." Lugano akasimama pale uani, uso wake hauelewi ulie au ufanye nini, mpaka Bupe alipotoka ndani na nywele zake nusu zimesukwa, akamshika mkono akamvuta.

Keki ikaokwa. Wanangu, siwezi kuwaeleza harufu ile. Tulikuwa tumeishi na kakao maisha yetu yote, tumeinusa ikichachuka, ikikauka, ikioza kwenye mvua, lakini hatukuwa tumewahi kuinusa ikiwa imekuwa chakula. Watu waliokuwa wanapita barabarani walisimama. Mzee Ambakisye alikuja akakaa kwenye kigogo karibu na oveni, hakuomba kitu, alikaa tu.

Felista alifika jua likianza kulegea, mwanamke mrefu, kitambaa kimefungwa vizuri, na macho yanayopita kila mahali. Tukamsalimia, tukamkaribisha. Hakutaka kukaa sebuleni. Akasema anataka kuiona keki. Akaletwa jikoni, akaikuta mezani inapoa, na Lugano ameiinamia anaipaka ile chokoleti iliyobaki kwa kisu kipana.

Felista akaitazama keki. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akamtazama Lugano, na macho yake yakakaa pale. Sote tuliona alivyomtazama, toka kwenye shingo mpaka kwenye vidole.

"Mama Bupe," akasema, "huyu mpishi mmemtoa wapi?"

Lugano akainamisha kichwa, kisu kikasimama. Niliona wifi yangu akishika ukingo wa meza. Nikajua kwamba hapo kuna njia mbili, na ile nyepesi ilikuwa wazi kabisa: angesema tu kwamba ni jirani, au ni fundi aliyekodiwa, na habari ingeishia hapo.

"Dada yangu," akasema, "unaniita Mama Bupe, na mimi nimekuacha uniite hivyo. Tangu nilipozaa, watu wa hapa huniita Mama Lugano. Na Lugano ndiye huyu. Ni mzaliwa wangu wa kwanza."

Felista akashangaa. "Mbona hamkuwahi kunitajia?"

"Sikukutajia. Niliogopa."

"Anaumwa?" Felista akauliza, na sauti yake ikashuka. "Mbona amepauka hivi?"

"Aliumwa, amepona. Alipoteza watoto wawili tumboni, mume akamwacha, na sisi ndugu zake tukawa tunamhamisha kama mzigo, huyu anampokea, yule anamtoa. Na mimi mama yake nimo. Leo nilikuwa nampakia pikipiki akafichwe usimwone. Amepauka, ndiyo. Hata chokoleti yako niliipausha, kwa kuihangaisha hivyo hivyo, nikataka kuitupa shimoni. Yeye ndiye aliyeniambia kupauka si kuoza. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi."

Felista akavuta kiti cha jikoni, kile kibovu, akakalia. Akakaa kidogo akitazama mikono yake mwenyewe. Kisha akasema, kwa Lugano, si kwa mama yake, "Hebu nionjeshe."

Lugano akamkatia kipande pembeni, pale ambapo pangefunikwa. Felista akala. Akala polepole mpaka akamaliza, akapangusa vidole.

"Kesho," akasema, "nani anamshika Bupe mkono?"

"Mimi," Lugano akasema.

"Vizuri. Basi nenda ukapumzike, keki hii tutailinda sisi. Na chokoleti iliyobaki, kama ipo, iwekwe mahali pamoja."

Sote tukacheka, hata yule mama mwenye sauti nzito, na mimi nikarudi kwenye ndizi zangu nikiwa nimelia bila kujua.

Msije mkafikiri kwamba Lugano alinawiri siku hiyo. Hapana. Kesho yake alimshika mdogo wake mkono, na picha zile zipo, mtaona alivyokuwa mkavu ndani ya gauni la kuazima. Ilimchukua misimu. Kuna siku alirudi kwenye benchi lake akatazama nje, na siku hizo mama yake alikaa naye. Alijifunza kukaa, wifi yangu, ingawa vidole vilikuwa vinacheza. Baadaye Lugano akashika lile jiko, akaoka keki mpaka za watu wa Tukuyu, na chokoleti yake aliiweka kwenye kabati la vyombo, ukuta usiopigwa jua, imefungwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuichungulia. Hakuolewa tena. Hakutaka, na hakuna aliyemsumbua.

Lakini ule usemi haukusubiri. Akina mama waliokuwa mlangoni waliubeba. Siku ya soko tu iliyofuata nilimsikia mtu akiusema kwa kitenge kilichochuja, mwingine akausema kwa kakao iliyonyeshewa ikabadilika ganda. Halafu wakaanza kuusema kwa watu: kwa kijana aliyefeli shule, kwa mzee aliyetoka kifungoni, kwa mke aliyerudishwa kwao. Nao waliousema vizuri walikumbuka kwamba Lugano alinusa kwanza, akaonja, na ile kona ya samaki aliikata. Kuoza kupo. Ila huwezi kujua kitu kimeoza kwa kutazama rangi ukiwa umesimama mbali, na shimo la taka liko karibu.

Basi mkimsikia mtu anasema kupauka si kuoza, msicheke upesi. Mtazameni anayeambiwa.